Kadi Imefungwa, Mwako Haujazimika

Mgonjwa wa kifua kikuu anapomaliza miezi 6 ya dawa, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea, katika Hospitali ya Mtakatifu Yosefu Peramiho au katika zahanati ya kijijini kwake, kadi yake hufungwa kwa neno moja: amepona. Mgonjwa wa ukoma mwenye vimelea vingi naye huifikia siku hiyo baada ya miezi 12. Ni siku ya furaha, na ni haki yao kuifurahia. Dawa hizo hutolewa bila malipo nchini mwetu, na zimeokoa maisha ya watu wengi mno.

Hata hivyo, kufungwa kwa kadi ni habari ya vimelea. Kadi haisemi lolote kuhusu pafu lililobaki na makovu na mashimo, linalotoa makohozi yenye usaha kila asubuhi. Wala haisemi lolote kuhusu mtu aliyetibiwa ukoma ambaye, kwa miaka kadhaa baada ya dawa, huendelea kutokwa na vinundu vyenye maumivu huku akipanda homa. Kwa watu hao mwako wa mwili haujazimika. Nao mwako ukidumu miaka mingi huweza kuzaa ugonjwa ambao ni nadra kuusikia ukitajwa katika kliniki zetu: amiloidosisi.

Hoja ya makala haya ni hii. Kila mtu katika Mkoa wa Ruvuma aliye na mwako sugu, uwe wa mapafu, wa mifupa, wa ngozi au wa viungo, apimwe protini kwenye mkojo kwa ratiba inayojulikana. Na upimaji huo usimame siku ambayo mwako wenyewe umesimama, si siku ambayo kadi imefungwa. Ni kipimo cha dakika chache, na kinaweza kutuonyesha hatari miaka mingi kabla ya figo na ini havijazidiwa.

Mwako na kiwanda kilicho ndani ya ini

Kwa neno mwako tunakusudia ile hali ambayo wataalamu wengine huiita inflamesheni: joto, wekundu, uvimbe na maumivu ambavyo huandamana na mwili unapojihami. Mwiba ukikuchoma mguuni leo, mwako huja, hufanya kazi yake, na baada ya siku chache huondoka. Huo ni ulinzi mwema. Taabu huanza pale adui asipoondoka, au anapoondoka na kuacha jeraha lisilofunga, hata mwili ukabaki katika hali ya vita mwaka hadi mwaka.

Wakati wa mwako, chembe za kinga hupeleka ujumbe kwa njia ya kemikali, mojawapo ikiwa ni intalukini-6. Ujumbe huo hufika kwenye ini, nalo huanza kutengeneza kwa wingi protini ambayo maabara huiita SAA. Kwa mtu mwenye afya njema, kiasi chake katika damu ni miligramu chache tu kwa lita. Wakati wa maambukizi makali kinaweza kupanda hadi mara 1,000. Kikipanda kwa wiki moja kisha kikashuka, hakuna hasara. Kikikaa juu kwa miaka, vipande vya protini hiyo hupoteza umbo lake la asili, hujikunja vibaya, hushikamana na kuwa nyuzi ambazo mwili hushindwa kuziondoa kwa kasi inayotosha. Nyuzi hizo ndizo amiloidi. Hujipanga katikati ya seli na katika kuta za mishipa midogo ya damu, haba na haba, mpaka kibaba kinajaa.

Hapa msomaji ataona jambo la ajabu kidogo. Ini ndilo kiwanda cha protini hiyo, na baadaye ini lilo hilo huwa mojawapo ya maghala yake. Haliugui kwa sababu limeshambuliwa na kirusi wala kwa sababu ya pombe. Huugua kwa kuitikia kwa utiifu wito wa vita usiokwisha.

Jina lenyewe lina historia ya kukosea. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliona kwamba vitu hivi hubadilika rangi vikiguswa na iodini kama wanga unavyofanya, akaviita amiloidi, yaani vyenye kufanana na wanga. Mwaka 1859 ikabainishwa na wenzake Friedreich na Kekulé kwamba si wanga bali ni protini, lakini jina likabaki. Rangi inayotumika hadi leo kuitambua amiloidi kwenye hadubini huitwa Nyekundu ya Kongo. Ilikuwa rangi ya nguo, ikatiwa sokoni Ujerumani mwaka 1885, mwaka ule ule Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulipomalizika, ikapewa jina lililokuwa midomoni mwa watu. Mwaka 1922 daktari Hans Bennhold alionyesha kwamba rangi hiyo hushikamana na amiloidi, na mwaka 1927 Divry na Florkin wakaeleza ule mng'ao wa kijani unaoonekana chini ya mwanga maalumu wa hadubini. Kwa hiyo kipimo kinachothibitisha ugonjwa huu kina umri wa karibu karne moja.

Figo kwanza, kisha ini na viungo vingine

Katika aina hii ya amiloidosisi, figo ndizo huumia mara nyingi na mapema zaidi. Amiloidi hujaa kwenye vichujio vya figo, navyo huanza kuvujisha protini ambayo ilipaswa kubaki katika damu. Mgonjwa huona mkojo una povu lisiloisha haraka. Baadaye macho huvimba asubuhi, miguu hujaa maji jioni, tumbo huongezeka. Damu ikipungukiwa na protini, huwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa, na mgonjwa anaweza kupata bonge la damu mguuni au mapafuni. Mwishoni figo hushindwa kabisa kusafisha damu. Tofauti na magonjwa mengine sugu ya figo, ambayo mara nyingi huzifanya zisinyae, ultrasaundi inaweza kuonyesha figo zenye ukubwa wa kawaida au hata kubwa kuliko kawaida. Jambo hilo lisimpumbaze mpimaji.

Ini nalo huumia kimyakimya. Huongezeka ukubwa na kuwa gumu, likaweza kupapaswa chini ya mbavu za kulia, huku mgonjwa akijihisi kushiba upesi au kuwa na uzito tumboni. Vipimo vya damu huweza kuonyesha kimeng'enya cha alkalini fosfatezi kimepanda huku vingine vikiwa karibu na kawaida. Manjano ya macho si kawaida kutokea mapema. Yakitokea ni dalili mbaya. Ini lililoathirika kiasi cha kuonekana kliniki huashiria kwamba mzigo wa amiloidi mwilini umekuwa mkubwa, na kwamba figo na wengu huenda vimeshapata sehemu yao.

Wengu, ambao wengine huuita bandama, huvimba na kupoteza nguvu zake za kinga. Utumbo ukijazwa na amiloidi huleta kuhara kwa muda mrefu, kukonda na wakati mwingine kutokwa na damu. Tezi zilizo juu ya figo zikiathirika, mgonjwa huwa mchovu kupita kiasi na shinikizo lake la damu hushuka anaposimama. Moyo huathirika mara chache katika aina hii inayotokana na mwako.

Mhudumu wa afya azingatie kwamba si amiloidosisi zote ni moja. Iko aina inayotokana na chembe za uboho zinazotengeneza protini isiyo ya kawaida. Hiyo hupenda moyo, ini na mishipa ya fahamu, huweza kuvimbisha ulimi na kuleta michubuko kuzunguka macho, na tiba yake ni dawa za namna ya zile za saratani. Iko nyingine ya kurithi au ya uzeeni, inayoathiri moyo hasa. Kumpa mgonjwa wa aina moja tiba ya aina nyingine ni kumpotezea muda na afya. Ndiyo maana historia ya mgonjwa, na hasa miaka yake ya mwako, ina thamani kuliko kipimo chochote cha kwanza.

Nani katika Ruvuma yuko hatarini

Katika nchi tajiri za leo, ugonjwa huu huonekana zaidi kwa wenye baridi yabisi ya viungo na homa za kurithi. Lakini kabla ya dawa za antibiotiki, huko nako uliletwa hasa na kifua kikuu, na mifupa na mapafu yenye usaha. Hayo ndiyo mambo ambayo bado tunayo.

Tanzania imekuwa kwa miaka mingi katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ruvuma haiko nje ya hesabu hiyo, na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wana hatari zaidi. Wengi hupona kwa dawa. Wengine hupona vimelea lakini hubaki na njia za hewa zilizopanuka na kulegea, zinazokusanya usaha. Hao hurudi kliniki wakikohoa. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu hutoka kwamba hakuna kifua kikuu, nao huambiwa waende nyumbani. Jibu hilo la maabara ni sahihi. Ila mtu huyo bado ana usaha katika pafu, na ini lake bado linatengeneza SAA.

Ukoma ulitangazwa mwaka 2006 kuwa si tatizo kubwa tena la afya ya jamii kwa kipimo cha kitaifa, lakini haukuisha. Liwale na Nanyumbu, wilaya zinazopakana na mkoa wetu, ni miongoni mwa zile zilizochaguliwa miaka ya 2010 kwa mpango wa kuwapa watu wa karibu na wagonjwa dozi moja ya rifampisini ili kuwakinga. Kwa upande wa amiloidosisi, wa kuangaliwa zaidi ni mgonjwa wa ukoma anayepata mishtuko ya vinundu na homa mara kwa mara. Utafiti uliofanywa Papua New Guinea na kuchapishwa mwaka 1975 ulionyesha uhusiano kati ya mishtuko hiyo inayojirudia na amiloidosisi. Kila mshtuko ni wimbi jingine la SAA.

Kundi la tatu ni wenye mifupa inayotoa usaha. Mtoto aliyeanguka mtini, mwenye selimundu aliyepata maambukizi ya mfupa, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na mfupa ukatokeza nje: hawa wanaweza kuishi miaka 10 au 20 wakibadilishiwa bandeji kila wiki. Ndani ya kidonda mna kipande cha mfupa uliokufa, na hakuna bandeji wala antibiotiki itakayokiondoa kisipotolewa kwa upasuaji. Upasuaji huo hupangwa mwisho wa orodha kwa kuwa mgonjwa haonekani kuwa katika hatari. Kwa macho ya amiloidosisi, kumwondolea mfupa uliokufa ni kuzikinga figo na ini lake.

Kundi la nne ni wenye baridi yabisi. Kina mama wengi walio na viungo vilivyovimba na kukakamaa asubuhi hujitibu kwa diklofenaki ya dukani au kwa mizizi. Dawa ya maumivu hupunguza kelele za ugonjwa bila kuuzima, na yenyewe huongeza madhara kwenye figo. Dawa zinazozima mwako huo, kama methotreksati, zipo na si za kigeni kwa madaktari wetu bingwa. Nchini Ufini, matibabu ya mapema na ya nguvu ya baridi yabisi yaliandamana na kupungua sana kwa wagonjwa wa viungo wanaohitaji kusafishwa damu kwa sababu ya amiloidosisi. Hilo latosha kuonyesha kwamba ugonjwa huu huzuilika.

Ushahidi kwamba moto ukizimwa, mwili hujitengeneza

Wapo wanaodhani kwamba amiloidi ikishaingia haina dawa, hivyo kuigundua ni kumwongezea mgonjwa huzuni. Mwaka 2007 watafiti wa kituo cha taifa cha amiloidosisi cha Uingereza, jijini London, walichapisha habari za wagonjwa 374 wa aina hii waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Nusu yao walikuwa wameishi na ugonjwa wa mwako kwa miaka 17 au zaidi kabla ya kugunduliwa. Waliokuwa na SAA ya juu kabisa, miligramu 155 kwa lita au zaidi, walikuwa na hatari ya kufa mara 17.7 ya wale ambao kiwango chao kilikuwa chini ya 4. Na miongoni mwa wale ambao SAA yao ilishushwa chini ya 10, asilimia 60 walipungukiwa na amiloidi iliyokuwa tayari imejaa viungoni.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba tuna muda: miaka 17 ni dirisha refu, na kulikosa si bahati mbaya bali ni kutotazama. La pili ni kwamba amiloidi si jiwe. Ghala lisipoingiziwa mzigo mpya, mwili huanza kulipunguza polepole. Tiba yenyewe, basi, ni kuzima chanzo: kumaliza dozi ya kifua kikuu, kutoa mfupa uliokufa, kuidhibiti mishtuko ya ukoma, kutibu baridi yabisi kwa dawa inayostahili. Dawa mpya zinazozuia intalukini-6 zipo duniani na bei yake ni kubwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kwa dawa na mikono ambayo mkoa wetu unayo.

Pendekezo

Napendekeza utaratibu wa hatua tatu, unaoweza kuanzia zahanati.

Kwanza, kila mgonjwa wa kifua kikuu, ukoma, mfupa wenye usaha au baridi yabisi apimwe mkojo kwa kijiti anapoanza matibabu na anapomaliza. Akimaliza na mwako ungalipo, yaani bado anakohoa usaha, kidonda bado kinatoa, vinundu bado vinarudi, au viungo bado vimevimba, aendelee kupimwa kila baada ya miezi 6. Pale penye uwezo wa kupima CRP au kasi ya kutuama kwa chembe za damu, kipimo hicho kiwe kioo cha mwako, kwa sababu CRP kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja na SAA.

Pili, protini ikionekana kwa alama moja au zaidi, mhudumu asiogope wala asipuuze. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na ujauzito huweza kubadili majibu. Kipimo kirudiwe baada ya wiki moja au mbili, hali hizo zikiwa zimeangaliwa. Protini ikiendelea kuwapo, mgonjwa apimwe shinikizo la damu, sukari, virusi vya UKIMWI, kreatinini na albumini, tumbo lipapaswe kuangalia ini na wengu, ultrasaundi ifanywe, na apewe rufaa akiwa na barua inayotaja waziwazi miaka ya mwako wake. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa ana miguu iliyovimba humfanya daktari wa Mbeya au Muhimbili aanze upya safari ambayo sisi tulikuwa tumeshafika nusu yake.

Tatu, hospitali inayothibitisha ugonjwa ichague mahali salama pa kuchukua kinyama. Ini lenye amiloidi huweza kuvuja damu nyingi baada ya kuchomwa sindano, na si lazima kuanzia hapo. Mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, utando wa ndani wa sehemu ya mwisho ya utumbo, au figo yenyewe penye mtaalamu, huweza kutoa jibu. Mwenye kuomba kipimo aandike kwenye fomu kwamba anashuku amiloidi, kwa kuwa maabara haitii Nyekundu ya Kongo kwenye kila kinyama kinacholetwa.

Pingamizi na majibu yake

Itasemwa kwamba ugonjwa huu ni wa nadra, na kwamba mkoa wenye malaria, vifo vya uzazi na utapiamlo hauwezi kutumia nguvu kwa jambo la nadra. Ni kweli kwamba wengi wenye mwako sugu hawatapata amiloidosisi. Lakini kijiti cha mkojo hakitafuti amiloidi peke yake. Protini ile ile hutuonyesha figo zilizoharibiwa na kisukari, na shinikizo la damu, na virusi vya UKIMWI, na dawa za maumivu. Tukimpima mgonjwa wa kifua kikuu na kumkuta na kisukari, hatujapoteza kijiti. Tumempata mgonjwa wawili kwa safari moja. Nami naongeza kwamba ugonjwa usiotafutwa daima huonekana wa nadra. Mahali ambapo kila mguu uliovimba huandikwa moyo au figo bila kuuliza zaidi, amiloidosisi haitakuwapo kwenye vitabu hata ikiwamo wodini.

Itasemwa pia kwamba wahudumu wamelemewa. Hili ni pingamizi zito, na lisijibiwe kwa maneno matamu. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye anayechanja, anayezalisha na anayejaza rejista. Kumwongezea rejista nyingine si haki. Ndiyo sababu pendekezo langu halidai kliniki mpya wala kitabu kipya: linadai safu moja kwenye kadi iliyopo na kijiti kimoja katika siku ambayo mgonjwa amekuja kwa jambo jingine. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari huwatembelea wagonjwa wa kifua kikuu nyumbani, wanaweza kuuliza maswali mawili tu: mkojo una povu? Miguu au macho yanavimba?

Wengine watauliza faida ya kugundua kama mwisho wake ni kumwambia mgonjwa wa Namtumbo aende mbali kutafuta tiba asiyoimudu. Swali hili ndilo linalonifanya nisisitize kugundua mapema. Figo zikishakufa, mtu huhitaji kusafishwa damu mara 2 au 3 kila wiki kwa maisha yake yote, au apandikizwe figo, huduma ambayo Muhimbili iliianza mwaka 2017. Kwa mkulima wa mahindi, kuhamia karibu na mashine ni kuacha shamba, na familia kuuza kilichobaki. Kumtoa mfupa uliokufa, au kumpa dawa ya baridi yabisi mwaka wa pili badala ya wa kumi na tano, ni gharama ndogo isiyolinganishika na hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika figo ukuta wenyewe haujengeki. Wanaoandaa vifurushi vya huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wanapaswa kuuhesabu upasuaji wa mfupa sugu na matibabu ya viungo kuwa kinga ya figo.

Heshima ya mgonjwa

Liko jambo jingine ambalo halimo katika vipimo. Mtu akivimba tumbo na ini, jamii yetu ina maelezo mawili yaliyo tayari: ama ni mlevi, ama amerogwa. Maelezo ya kwanza husikika hata vyumbani mwa madaktari. Mzee aliyeugua ukoma ujanani, aliyekwisha kubeba unyanyapaa wa vidole vilivyokatika, si haki abebeshwe katika uzee wake unyanyapaa wa ulevi kwa sababu ini lake limekuwa gumu. Kuuliza kuhusu pombe ni wajibu wa tabibu. Kuhukumu kabla ya kuuliza kuhusu kidonda, kifua na viungo ni uzembe. Na maelezo ya pili humpeleka mgonjwa kwa mganga wakati ambao kila mwezi una thamani. Tukiweza kumweleza, kwa Kiswahili na kwa Kingoni, Kimatengo au Kiyao pale inapobidi, kwamba mwili wake umejichosha kwa vita virefu na kwamba vita hivyo vinaweza kusitishwa, tutakuwa tumemrudishia heshima na tumempa sababu ya kurudi kliniki.

Kwa mgonjwa anayesoma makala haya, au anayesomewa na mwanawe: usihofu kwamba kila kikohozi cha zamani ni amiloidosisi. Maliza dawa ulizopewa. Kidonda kisichofunga kwa miezi mitatu kipeleke hospitali, usikizoee. Dawa za maumivu zisiwe chakula chako cha kila siku bila tabibu kujua. Ukiona mkojo una povu siku baada ya siku, au macho yamevimba unapoamka, nenda ukaombe kupimwa mkojo, na useme mwenyewe: niliwahi kuugua kifua kikuu, au ukoma, au mfupa wangu unatoa usaha tangu mwaka fulani. Usisubiri kuulizwa. Maneno hayo machache yanaweza kumfupishia daktari safari ya miezi.

Na kwa wenzangu wa sekta ya afya: tumejifunza vizuri kuhesabu vimelea, na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, ulikuwa mfano kwa dunia. Urithi huo unatuwia deni. Tunapofunga kadi, tumwulize mgonjwa swali moja zaidi, tutumbukize kijiti kimoja zaidi, na tuandike jibu mahali ambapo mwenzetu wa mwaka ujao ataliona.